Kusawazisha Magurudumu: Kauli Moja, Kazi Mbili

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi inayotendeka baada ya kusomwa. Kwa kipimo hicho, kauli "kusawazisha magurudumu", itumikayo katika tafsiri za maelezo ya magari, ina kasoro: imebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Makala haya yanakusudia kuihakiki kauli hiyo, pamoja na neno "mtetemo" linaloandamana nayo, na kutoa mapendekezo.

Tuanzie Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Kwa miaka mingi njia kati ya miji hiyo miwili ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye mashimo na makorongo. Gari lilitikiswa na barabara yenyewe, na dereva hakuwa na sababu ya kuuliza kama gurudumu nalo lina dosari. Katika miaka ya karibuni lami imewekwa kipande baada ya kipande. Penye lami mwendo huongezeka, na hitilafu iliyokuwa imefichwa na mashimo hujitokeza.

Sababu yake ni ya hesabu. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka karibu mara 14 kila sekunde gari liendapo kilometa 100 kwa saa. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa rimu ya inchi 14, huvuta nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 4 hivi. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, nguvu hiyo ni robo tu. Wala si lazima uzito huo utoke kiwandani: tope la masika likikauka ndani ya rimu latosha.

Dawa yake ni kuosha rimu, kisha kupachika vipande vidogo vya risasi mpaka uzito ulingane pande zote. Kazi hiyo mafundi huiita "balansi". Kazi ya pili, waiitayo "alaimenti", ni kurekebisha pembe za magurudumu ili gari lisivute upande wala tairi zisilike vibaya. Mtafsiri aziitapo zote mbili "kusawazisha magurudumu", mwenye gari linalotikisika aweza kuilipia kazi ya pili, akarudi barabarani na ugonjwa ule ule. Hapo fundi hana lawama. Alitenda kama alivyosoma.

Wako watakaosema kwamba balansi na alaimenti yatosha. Ni kweli kwamba maneno hayo yanatenganisha kazi mbili, jambo ambalo tafsiri yetu imeshindwa kulifanya. Hivyo hayafai kudharauliwa. Hata hivyo hayamwonyeshi mwanafunzi kinachotendeka. Wahasibu wamekwisha kulizoea neno "urari" kwa maana ya kulingana kwa pande mbili. Tunapendekeza "urari wa gurudumu" kwa kazi ya kwanza, na "mwelekeo wa magurudumu" kwa kazi ya pili. Umoja na wingi hapa si pambo: urari ni sifa ya gurudumu moja pekee, lakini mwelekeo hupimwa kwa kuyahusisha magurudumu yote.

Tuje kwenye "mtetemo". Neno hili limekaa vema katika fizikia kuwa jina la jumla, na libaki hivyo. Kosa ni kulitumia kwa kila dalili. Tuchukue mfano wa gari la mbio la zamani, Datsun 240Z, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake iko mbele, na nguvu hupelekwa nyuma kwa propela. Kati ya gia boksi na magurudumu ya nyuma mna krosi 6. Gari la namna hiyo likichakaa, kasi yaweza kuleta dalili kadhaa zinazotofautiana, na Kiswahili kina maneno ya kuzitofautisha:

(a) Mtikisiko. Usukani hutikisika kushoto na kulia mikononi. Kwanza zikazwe nati, kwa kuwa gurudumu lenye nati zilizolegea laweza kuchomoka. Kisha upimwe urari wa magurudumu ya mbele, na mwisho ukaguliwe ulegevu wa bushi na viungo vya usukani.

(b) Mdundo. Gurudumu huruka juu na chini kama mpira. Ikaguliwe tairi iliyovimba, rimu iliyopinda, au shokapu iliyochoka.

(c) Mrindimo. Ni uvumi mzito usikikao sakafuni na kitini. Katika magari mengi ya aina hii propela huzunguka mara 3 hadi 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde katika mwendo tulioutaja; ndiyo maana sikio huitambua dalili hii kabla ya mkono. Zikaguliwe krosi na urari wa propela yenyewe.

Dereva akibadili gia bila kubadili mwendo, na dalili ikabadilika, basi yaelekea chanzo ni injini, wala si hayo matatu.

Mwanafunzi wa ufundi aliyefundishwa "mtetemo" peke yake ataanza kufungua vyuma kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huilipa mwenye gari. Aliyefundishwa maneno matatu atajua pa kuanzia. Ni wajibu wa mtafsiri, kabla ya kuunda istilahi, kwenda gereji akasikilize mafundi wanavyozitofautisha kazi zao. Na ni wajibu wa mwalimu na mtumishi wa serikali kuirudisha kwetu kila istilahi inayompoteza mtumiaji.