Mzinga kwa Kipanya

Umbo la trapeza katika PowerPoint huja na msingi mpana: chini pana, juu jembamba. Mzinga wa nyuki wa aina ya Kenya ni kinyume chake, mpana juu na mwembamba chini. Afisa ugani wa Sikonge anayetaka kuuchora kwenye slaidi hana budi kulipindua umbo hilo juu chini, kisha avute kitone cha manjano mpaka mbavu zipate mteremko wa mbao halisi. Kwa aliyezoea ni kazi ya sekunde chache. Anayeanza anaweza kumaliza mchana mzima, lakini ndipo anapojiuliza kwa mara ya kwanza: kwani mbao za mzinga zinainama kiasi gani?

Sifa ya ufundi huu iko hapo. Unamdai mtu ajue anachokisema. Ni rahisi kutamka kwamba mzinga wa kisasa una viunzi vya juu. Mchoro unataka upana wake. Kwa nyuki wetu wa Afrika ni milimita 32, upana unaowafanya wajenge sega moja kwa kila kiunzi. Ukizidisha, masega huungana kutoka kiunzi hadi kiunzi, na mfugaji akitaka kukagua moja anayararua mengine. Kwenye skrini, kwa kipimo cha moja kwa kumi, mchoraji huchora kiunzi kimoja, akaandika sentimita 0.32 katika kisanduku cha vipimo, akabonyeza Ctrl na D kukizalisha kingine na kingine, halafu akaiachia amri ya kupanga kwa nafasi sawa ivinyooshe. Jicho peke yake haliwezi. LibreOffice Impress, isiyolipiwa, nayo ina zana za namna hiyo, hivyo ukosefu wa leseni si kisingizio.

Tanzania nayo ina mzinga wake wa viunzi vya juu, wenye kuta zilizonyooka. Huo ni mstatili mtupu: seremala hana pembe ya kukata, mchoraji hana umbo la kupindua.

Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Mzinga wa jadi wa huku ni wa gome, na mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa. Hotuba ndefu juu ya jambo hilo wafugaji wameshaisikia. Slaidi yenye picha mbili, mti mkavu kushoto na mzinga wa mbao kulia, hupeleka mazungumzo moja kwa moja kwenye swali la maana, yaani mbao zinagharimu kiasi gani.

Lakini mchoro una nguvu ya kuhadaa pia, na Tabora inalijua hilo kuliko miji mingi. Mnamo miaka ya 1850, mmisionari Jakob Erhardt, akisaidiana na Johannes Rebmann wa Rabai karibu na Mombasa, alichora ramani ya bara kwa kutegemea masimulizi ya wasafiri wa misafara. Kila njia aliyosimuliwa iliishia majini, basi akayaunganisha maji yote kuwa ziwa moja kubwa lenye umbo la koa. Ramani ilipochapishwa mwaka 1856 ilizua mjadala mkali Ulaya, na mwaka uliofuata wapelelezi Richard Burton na John Speke walikuwa njiani kutoka pwani. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali. Wasimulizi wa Erhardt hawakusema uongo. Kalamu ndiyo iliyoziba mapengo. Mshale unaounganisha visanduku viwili kwenye slaidi unaweza kufanya vivyo hivyo, tena kwa wino mzuri zaidi.

Jedwali halina makeke hayo. Idadi ya watu wa Mkoa wa Tabora ilikuwa 2,291,623 katika sensa ya 2012, na 3,391,679 katika ile ya 2022. Tarakimu hizo zikisomwa kwa sauti, hakuna ukumbini atakayezishika. Zikipangwa moja juu ya nyingine, zimeegemea kulia ili mamilioni yakae chini ya mamilioni, ongezeko la zaidi ya milioni moja linaonekana bila kuelezwa. Anayeweka tarakimu katikati ya seli, eti zipendeze, amelivunja jedwali lake mwenyewe.

Maandishi ndiyo magumu kupita yote, kwa kuwa kisanduku chake hakikatai kitu. PowerPoint ilianza kuuzwa mwaka 1987, na kisa chake kinachotajwa sana ni cha Januari 2003, chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa bado angani. Wahandisi walikuwa na slaidi yenye kichwa cha kutuliza moyo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema kipande cha sponji kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali kile cha majaribio kilikuwa na 3. Columbia ilisambaratika tarehe 1 Februari na watu 7 wakafa. Slaidi haikuivunja, lakini habari nzito ilikuwa imewekwa mahali pa habari nyepesi.

Karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku hukabiliwa na kishawishi hichohicho: bei ya kilo kwa herufi nene, makato ya pembejeo kwa herufi za kubana macho. Akiyapa makato ukubwa sawa na bei, maneno hayaenei, na programu huanza kuyapunguza yenyewe bila kumuuliza. Karani stadi huizima amri hiyo, akagawa slaidi kuwa mbili, kisha akaenda kusimama nyuma ya ukumbi, kwenye benchi la mwisho, kuona kama tarakimu za makato zinasomeka.