Maji Yasiyo na Mkondo: Hiari na Wakati Uliopo katika Kichwamaji

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wahakiki wengi wameipima kwa mizani ya udhanaishi wa Ulaya: mwanadamu yu huru, hana mwongozo, na uhuru huo humlemea hata akajiua. Mizani hiyo ina haki yake. Hata hivyo, yaacha swali moja bila jibu: je, Kazimoto alikuwa na hiari, au alikuwa na mawazo tu?

Katika makala haya twapendekeza asomwe kwa jicho la Utao, falsafa ya Kichina inayohusishwa na Laozi na Zhuangzi. Hatudai kwamba Kezilahabi aliifuata. Twaitumia kwa kuwa yatenganisha kutenda na kuwaza. Kiini chake, wu wei, si uvivu wala si kuiachia kudura kila jambo. Ni kutenda pasipo kulazimisha. Zhuangzi asimulia habari za mchinjaji ambaye kisu chake kilidumu na makali yake kwa miaka 19, maana alikipitisha penye nafasi za viungo vya ng'ombe, wala hakukata mfupa.

Hapa Isiolo mfano huo hauhitaji mkalimani. Miongoni mwa Waborana, wazee wa dedha hutenga malisho ya masika, ya kiangazi, na ya akiba kwa ajili ya ukame. Kabla mifugo haijahamishwa, watu hutumwa kupeleleza nyasi na maji. Mfugaji ana hiari, lakini hiari yake huanzia machoni: katika ardhi ilivyo leo, si katika mvua aliyoitamani.

Kazimoto yu kinyume cha hayo. Amwandama Sabina ili kulipiza kisasi kwa Manase, aliyemharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Hapo jana ndiyo itendayo, yeye ni mkono wake tu. Baada ya ndoa, hofu ya kesho yashika zamu. Mkewe yu kando yake, naye yumo kichwani mwake. Jina la riwaya lasema mengi. Kwa Laozi maji ni mfano wa nguvu laini, yasiyodharau kushuka bondeni. Katika riwaya hii maji yamefungiwa fuvuni, hayana mkondo.

Lakini hapana budi tujihadhari. Mtoto mwenye kichwa kikubwa hakuzaliwa kwa sababu baba yake aliwaza mno, bali kwa maradhi yaliyotoka kwa Manase, mkuu wa wilaya aliyeutumia wadhifa wake kwa tamaa. Kumwambia Kazimoto atulie, huku tukimwacha Manase ofisini, ni kuugeuza Utao kuwa dawa ya usingizi. Tena elimu iliyomtenga na kijiji chake hakuitunga yeye.

Kwa hiyo usomaji huu una mpaka: waeleza jinsi Kazimoto alivyoumia, hauelezi nani alimuumiza. Dedha yatukumbusha kwamba kuuafiki mwendo wa maumbile ni kazi ya jamii nzima, yenye wazee na sheria, si faraja ya mtu mmoja. Kazimoto aliipima njia yake akiwa peke yake, wala hapakuwa na baraza la kumwuliza ameona nini. Upweke huo, kwa maoni yetu, ndio uliomnyima hiari kabla hajaikatia tamaa.