Mfalme, Mtawa na Roho Isiyoonekana

Maswali ya Milinda si riwaya, lakini kama wewe ni mwandishi chipukizi unayehangaika na wahusika wako, kitafute. Ni kitabu cha Kipali, lugha ya kale ya India, T. W. Rhys Davids alikitafsiri kwa Kiingereza katika juzuu mbili, 1890 na 1894. Milinda ndiye Menander, mfalme Mgiriki wa kaskazini-magharibi mwa India, karne ya 2 kabla ya Kristo. Anayebishana naye ni mtawa wa Kibudha, Nagasena.

Mtawa anaanza kwa uchokozi: Nagasena ni jina tu, ndani yake hamna mtu. Mfalme anamrukia. Kama hamna mtu, nguo mnazopewa anavaa nani? Na akikuua mtu, hakuna muuaji? Swali zito hilo, bwana! Mtawa anamgeuzia: umekujaje hapa? Kwa gari la farasi. Haya, gari ni lipi? Magurudumu? Ekseli? Nira? Hapana, hapana. Mfalme anakubali kwamba gari ni jina la vitu hivyo vikiwa pamoja. Basi na Nagasena ni hivyo hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo, fahamu. Hakuna roho iliyokaa ndani ikishika hatamu.

Mfano huu husifiwa sana. Mi naona umesifiwa kupita kiasi. Gari haliumwi, wala halimkumbuki mama yake. Ukilifungua vipande vipande hakuna anayelia. Mfalme angesema hivyo! Badala yake anampongeza mtawa. Ndiyo kasoro ya kitabu kizima: mfalme anafungwa mabao ya mapema mno.

Taa ndiyo kiboko. Ikiwaka usiku kucha, mwali wa jioni ndio huo huo wa alfajiri? Siyo. Ni taa nyingine, je? Siyo pia. Hapo mtu unanyamaza. Kila mwali unampisha mwenzake, na mwanga haukatiki. Akili nayo, anasema Nagasena, huenda hivyo, hata kuvuka kifo na kuingia maisha mengine bila kitu chochote kuhama.

Na yule muuaji? Jibu lake limo kwenye kisa cha mwizi wa maembe. Mwizi anajitetea ati maembe aliyochuma siyo yale yaliyopandwa. Mfalme mwenyewe anamtia hatiani, kwa kuwa haya yametokana na yale. Kumbe hatia haihitaji roho isiyobadilika, inahitaji mfululizo tu.

Mimi nimelelewa katika imani kwamba roho ipo, na mtawa hajaniondoa hapo. Lakini kwenye uandishi amenibana. Angalia hadithi tunazoletewa humu: Juma ni mlevi ukurasa wa kwanza, mlevi yule yule ukurasa wa mwisho, kama kachongwa kwa mpingo. Aliyelewa jana na anayeamka leo na deni la jana, nani kati yao analilipa? Hapo pana hadithi, na bado hatujaiandika.