Kimedondoka, Nami Nikadondoka Nacho

Jana usiku nimeitazama filamu ya Aliens kwa mara ya kwanza, na tangu alfajiri sizungumzi jambo jingine ila kile chombo. Zimwi lenye damu ya asidi linatisha, sawa, lakini mimi nimetekwa na chombo! Kile kinachowashusha askari kutoka meli mama Sulaco hadi kwenye mwezi wa LV-426. Jina lake kamili ni UD-4L Cheyenne, na nimeshalikariri.

Hebu nieleze kinavyoondoka. Askari wanaingia kwanza kwenye gari lao la deraya, kisha gari zima linazama tumboni mwa chombo kama lori linavyoingia kwenye pantoni. Sakafu ya Sulaco inafunguka. Halafu chombo kinaachiwa. Hakiruki, kinaachiwa! Kinaporomoka kama embe bivu, na mtazamaji moyo unakupanda kooni. Ndani watu wanatikiswa kwenye mikanda, vyuma vinalia, Luteni Gorman hana raha kabisa. Anaulizwa ameshuka hivi mara ngapi: 38, anajibu, ila za mazoezi. Za vita vya kweli? Mbili, ukihesabu na hii. Huko mbele rubani Ferro, miwani ya jua usoni, anatoa taarifa zake kwa utulivu wa dereva wa basi aliyeizoea njia yake.

Na kinavyotua! Mvua, upepo, giza, ngazi ya tumboni inashuka, gari la deraya linachomoka, na chombo kinapaa tena papo hapo, bila kupoteza muda. Nimekirudia kipande hicho mara sita.

Ninachokipenda hasa ni kwamba hiki ni chombo cha kazi. Haking'ai. Pua ndefu, marubani wawili mmoja nyuma ya mwenzake, makombora yanayokunjuka ubavuni, na mchoro wenye jina la utani la kujivunia kukanyaga wadudu. Mwongozaji James Cameron aliwajenga askari wake kwa mfano wa Wamarekani wa vita vya Vietnam, na damu ya helikopta za vita imo humu waziwazi. Halafu kumbukeni, hii ni 1986, studio za Pinewood, Uingereza: unachokiona kikiruka ni modeli, kazi ya mikono! Timu ya Robert Skotak na Stan Winston ilipata Oscar ya athari maalumu za picha, na kwangu mimi walistahili kwa chombo hiki peke yake.

Kuna jambo moja limeniuma. Baadaye, kikiwa chini tena, mlango unabaki wazi, Spunkmeyer, rubani mwenza wa Ferro, anashika ute ngazini, anaingia hivyohivyo, kumbe zimwi limo ndani. Dakika chache baadaye kinabingirika na kuwaka moto. Niliomboleza kabisa, kama nimefiwa.

Lakini Sulaco ilikuwa na cha pili! Bishop, yule roboti, anakiita kutoka huko juu kwa rimoti, hakuna rubani ndani. Na pale mwishoni, Ripley, shujaa wa filamu, amembeba mtoto, jukwaa linamomonyoka, milipuko kila upande, umeshakata tamaa kabisa, ndipo kinapochomoza kutoka kwenye moshi. Nilipiga ukelele sebuleni. Mke wangu akatoka chumbani mbio kuuliza kuna nini. Nikamshika mkono: njoo uone, kimerudi!