Mkono Unaojua Kukata

Mgeni akiingia kihambani kwetu, yaani shamba la nyumbani Uchaggani, kwa mara ya kwanza hudhani amepotea msituni. Juu kuna mringaringa na miti mingine mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na pale mwanga unapopenya, majani ya ng'ombe. Hakuna mstari ulionyooka popote. Nikiwa shule ya msingi nilifundishwa kwamba shamba bora ni lenye mistari, nikarudi nyumbani na aibu kidogo, nikamweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua panga lake, akaenda kupunguza machipukizi ya migomba. Hakunijibu neno.

Watu humsifu mkulima kwa kupanda. Mlimani, penye udongo wa volkeno na mvua, kupanda ni kazi ndogo. Kila kitu kinataka kuota. Kazi ni kuamua kipi kiondoke. Shina la mgomba likiachwa lizae litakavyo, litakupa majani mengi na vikungu vya kuchekwa sokoni. Mama huacha vizazi vitatu tu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayekua, na mjukuu ambaye ndio kwanza anachungulia. Mjukuu hachaguliwi ovyo. Huangaliwa ameota upande gani, maana mgomba hutembea, na usipouongoza utaingia kwenye kahawa. Chipukizi lenye majani membamba kama mkuki hubaki. Lenye majani mapana, hata likipendeza vipi, huondoka. Nimewahi kumuiga nikadanganywa na mapana hayo. Kosa lile nililiona mwaka uliofuata, mkungu ulipotoka mdogo kama wa mapambo.

Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Nadhani hawakuwa na mgomba wa aina ya mchare uliorutubishwa kwa samadi. Wa kwetu huwekewa nguzo usianguke.

Masika, kati ya Machi na Mei, ukungu hushuka mpaka mlangoni na panga huhamia juu ya miti. Matawi ya kivuli hupunguzwa, kwani kahawa ikikaa gizani na majimaji, ugonjwa wa chulebuni huikuta imejiandaa kuupokea. Yasipunguzwe sana pia, jua la Januari likaja kuichoma. Kipimo chake hakijaandikwa mahali. Mama husimama chini ya mti, hutazama vidoa vya mwanga vinavyocheza ardhini, kisha humwambia aliye juu, "Hapo basi, mwanangu, shuka." Matawi huwa kuni.

Baridi ya katikati ya mwaka ikianza kupungua, kahawa huiva, na hapo kazi ni ya vidole: nyekundu tu, kisha kumenya siku hiyohiyo, kuchachusha, kuosha, kuanika. Kwa desturi kahawa ilikuwa mali ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Chama chetu kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya kahawa, na majengo yake yako Moshi mjini. Ndizi hazikujengewa ghorofa, ila ndizo zilizotulisha miaka yote bei ya kahawa ilipoanguka.

Kiangazi ndicho kinachoonyesha nani fundi. Majani huadimika, na ng'ombe aliye bandani hawezi kujitafutia. Basi mgomba uliokwisha kuvunwa hukatwakatwa vipande, ng'ombe akala na kunywa humohumo, kwa kuwa shina lile karibu lote ni maji. Samadi hurudi kwenye shina lililobaki, kwa mtoto na mjukuu. Zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa pamoja, ikifika, unafungua kidogo kwa jembe, unafunga, jirani naye apate. Ukikwepa siku ya kuzibua mfongo, utatozwa.

Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo huu wa vihamba, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Nilimpelekea mama habari hiyo kwa furaha. Aliuliza kama hao watu watakuja na majani ya ng'ombe.

Kuna ukataji mmoja ambao yeye mwenyewe hajaupatia dawa. Kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, nacho hakiongezeki. Babu alikigawa, baba akapata kipande. Desemba iliyopita, tuliporudi nyumbani kwa Krismasi, mimi na kaka yangu tulipanda masale mapya ya mpaka katikati ya kipande hicho. Upande wangu una mashina ishirini na moja ya migomba, na kahawa ambayo haijapogolewa kwa miaka miwili.