Ushujaa wa Karani: Kujitolea na Mipaka Yake katika La Peste ya Albert Camus

Msomaji aliyelelewa na tendi za pwani huingia katika hadithi ya maangamizi akimtafuta jagina. Balaa likiufika mji, hutarajiwa ajitokeze mtu mmoja ambaye nguvu zake au kifo chake kitaamua hatima ya wote. Fumo Liyongo, hata alipokwisha kufa akiwa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, aliendelea kuwatisha watu wa mji wake; jagina ni mkubwa kuliko jamii yake. Riwaya ya Albert Camus, La Peste, iliyochapishwa mwaka 1947, inamnyima msomaji mtu wa aina hiyo, tena kwa makusudi. Katika sehemu ya pili kati ya sehemu zake tano, msimulizi anasitisha matukio ili aeleze kwamba hatawasifu kupita kiasi wale waliojiunga na vikosi vya afya. Hoja yake inastahili kuzingatiwa: anayeyapamba mno matendo mema huupa uovu heshima isiyo yake, kwa kuwa anadokeza kwamba wema ni kitu adimu na kwamba ubaya ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Kisha, kana kwamba anatambua kuwa wasomaji hawataridhika bila shujaa, anawapendekezea mmoja. Huyo ni Joseph Grand, karani wa manispaa.

Ni rahisi kulichukua pendekezo hilo kuwa kejeli tupu. Makala haya yanalichukua kwa uzito wake. Yanadai kwamba Grand ndiye kipimo ambacho riwaya inakitumia kupimia kujitolea kwa watu wote waliomo, na kwamba kipimo hichohicho, kikitumiwa kwa uaminifu, kinafichua mahali ambapo riwaya yenyewe inapungukiwa.

Kisa kinafahamika. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili, katika mwaka usiotajwa wa miaka ya 1940, Daktari Bernard Rieux anatoka chumbani mwake katika mji wa Oran, Aljeria, na kumkanyaga panya aliyekufa. Bawabu wa jengo lake anakuwa miongoni mwa wafu wa mwanzo. Baada ya wakuu kusitasita, malango ya mji wenye watu wapatao laki mbili yanafungwa, na hayafunguliwi mpaka Februari ya mwaka unaofuata. Wasomaji wa Kiswahili wamezoea kumfikia Camus kupitia kwa Kezilahabi, yaani kupitia mlango wa udhanaishi, na mlango huo una kasoro yake. Unamzoeza mtu kutafuta upweke wa nafsi, ilhali riwaya hii inashughulika zaidi na mambo ya kawaida mno: nani atabeba wagonjwa, nani atapuliza dawa majumbani, nani ataandika idadi ya waliofariki.

Ubishi kuhusu ushujaa unawekwa wazi katika mazungumzo ya Rieux na Rambert. Rambert ni mwandishi wa habari kutoka Paris aliyenaswa na karantini huku mpenzi wake yuko ng'ambo, naye anatafuta kila njia ya magendo ili atoroke. Alipata kupigana Uhispania upande ulioshindwa, na alichojifunza huko ni kwamba ushujaa ni jambo jepesi na kwamba huua. Anachokithamini sasa ni mtu kuishi na kufa kwa ajili ya anachokipenda. Rieux hambishii. Anakubali kwamba hapa pasizungumzwe ushujaa, bali uadilifu, na uadilifu kwake ni kufanya kazi yake. Jibu hilo halina mvuto wowote wa kishairi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Rieux anapoondoka, Tarrou anamfahamisha Rambert kwamba mke wa Rieux yuko kwenye nyumba ya matibabu mbali na mji, naye daktari ametengwa na mkewe kama Rambert alivyotengwa na mpenzi wake. Siku ya pili Rambert anaomba kuwasaidia hadi atakapopata njia ya kuondoka.

Lililo muhimu zaidi linatokea baadaye, njia inapopatikana. Rambert anakataa kuondoka kwa kuwa ataona haya kuwa na furaha peke yake, na Rieux anamwambia kwamba hakuna aibu katika kuichagua furaha. Mwandishi wa hadithi ya maadili angeifuta kauli hiyo ya daktari mara moja, kwani inaharibu somo! Camus anaiacha, na kwa kuiacha anazuia kujitolea kusigeuke sheria ya kumhukumu anayependa. Rambert anabaki bila mtu yeyote kumdai abaki. Na hakuna tuzo ya haki kwa waliobaki. Rambert anakutana na mpenzi wake kwenye kituo cha gari la moshi. Rieux anapokea simu ya maandishi inayomwarifu kwamba mkewe amefariki. Tarrou, aliyevianzisha vikosi vya afya, anauawa na tauni wakati ambapo tauni yenyewe inaondoka.

Tarrou ndiye angefaa kuwa jagina kwa vigezo vya kawaida. Ana historia ya maumivu: baba yake alikuwa mwendesha mashtaka aliyewaombea watu adhabu ya kifo. Ana swali kubwa pia, iwapo mtu anaweza kuwa mtakatifu bila Mungu. Msimulizi anampenda, anamlilia, lakini hamchagui. Anamchagua karani ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akishikilia cheo cha muda kwa sababu hapati maneno yanayofaa ya kuandika barua ya kudai haki yake, na ambaye mke wake, Jeanne, alimwacha kwa sababu iyo hiyo, yaani hakuwa na maneno ya kumzuia. Kila jioni Grand hukaa na sentensi moja ya riwaya anayotarajia kuiandika, sentensi inayomhusu mwanamke aliyepanda farasi katika bustani za Paris, akibadilisha vivumishi vyake na kuvirudisha. Msomaji hucheka, na Camus anataka acheke.

Hata hivyo, yafaa kuangalia mtu huyo anafanya nini hasa. Kabla neno tauni halijatamkwa na mkuu yeyote, ni Grand anayemjia Rieux na hesabu: vifo 11 katika saa 48. Vikosi vinapoundwa, yeye anashika kazi ya ukatibu na takwimu, akitenga saa zake za jioni baada ya kazi ya ofisi. Anapoombwa hafikirii mara mbili. Kwake, tauni ipo, basi lazima watu wajikinge, na laiti mambo yote yangekuwa mepesi hivyo. Kuna uhusiano kati ya sentensi isiyokamilika na orodha ya wafu, na uhusiano huo si wa kuchekesha. Mtu asiyekubali kivumishi kilichokaribia kufaa hawezi kukubali hesabu iliyokaribia kuwa kweli. Msimulizi, akizungumzia vikosi, anataja mwalimu anayefundisha kwamba mbili na mbili ni nne: hapongezwi kwa hilo, lakini huja nyakati ambapo anayethubutu kulisema huadhibiwa kwa kifo. Grand ndiye mwalimu huyo akiwa amevaa koti la karani.

Riwaya imejaa watu wengine wanaohesabu, na hao wanamwangaza Grand zaidi. Mzee mgonjwa wa pumu hupima siku yake kwa kuhamisha dengu kutoka chungu kimoja hadi kingine. Hesabu yake haimhusu mtu mwingine yeyote duniani. Wakuu nao wanahesabu. Tarrou anaandika kwa dhihaka juu ya taarifa zilizoacha kutoa jumla ya wiki na kuanza kutoa idadi ya siku, kana kwamba tauni inapungua kwa kuwa 130 ni ndogo kuliko 910. Katika ulimwengu wa riwaya hii, basi, kuna hesabu ya kupoteza muda, hesabu ya kuficha, na hesabu ya kushuhudia. Kujitolea kwa Grand ni kwa namna hiyo ya tatu: anamhesabu kila aliyekufa kwa sababu alikufa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo riwaya haiwezi kulikwepa: kila aliyekufa ni nani? Roland Barthes aliishutumu La Peste mwaka 1955 kwa kuufanya uovu kuwa ugonjwa usio na uso wa kibinadamu, hali ambayo huufanya mshikamano kuwa rahisi kuliko ulivyo katika historia. Shutuma hiyo ni nzito, ingawa haiwadhuru sana wabeba machela. Nzito zaidi ni ile ya Conor Cruise O'Brien mwaka 1970, iliyoendelezwa na Edward Said mwaka 1993: katika mji huu wa Afrika, Waarabu hawaonekani. Wahusika wote wenye majina ni Wazungu. Wapo waliojibu kwamba Oran ulikuwa mji wenye Wazungu wengi kwa uwiano kuliko miji mingine mikubwa ya Aljeria, na kwamba Camus alikuwa akiandika istiara ya Ufaransa chini ya Wajerumani. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini Waarabu wa Oran walikuwa makumi ya maelfu, na tauni haisomi istiara.

Kasoro hii haihitaji kuletwa kutoka nje na nadharia yoyote. Imo ndani ya riwaya, katika kurasa za mwanzo. Rambert anapomtembelea Rieux kwa mara ya kwanza, amekuja kuchunguza hali ya maisha na afya ya Waarabu. Rieux anamuuliza kama gazeti lake litamruhusu kuandika ukweli wote, hata kufikia kulaani moja kwa moja. Rambert anajibu kwamba hapana, si kwa kiwango hicho. Rieux anakiri kwamba huenda laana ya namna hiyo isingekuwa na msingi, lakini hakubali kuunga mkono ushahidi wenye mipaka, hivyo hatoi maelezo. Msimamo huo ni wa Grand kabisa: hesabu nusu si hesabu. Kisha, kwa upole, daktari anamwelekeza mgeni wake kwenye habari nyingine ya kuvutia, panya wanaokufa mjini. Rambert anafurahi. Kuanzia hapo Waarabu wanatoweka na panya wanaishika riwaya. Msimulizi, ambaye mwishoni anajitambulisha kuwa ni Rieux mwenyewe, anawasilisha kurasa zote kama ushahidi wa mji mzima, yaani ushahidi wa aina ileile aliyomnyima Rambert.

Si kwamba msimulizi haoni umaskini. Anaeleza jinsi familia za maskini zilivyoteseka kwa ughali wa chakula huku matajiri wakikosa karibu chochote cha kulalamikia. Anaeleza pia kuhusu wauguzi wa dharura na wachimba makaburi, na aya hiyo inastahili kusomwa sambamba na ile inayomsifu Grand. Watu hao walikufa kwa wingi. Ilihofiwa kwamba siku itafika watu watakosekana, lakini hawakukosekana, kwa kuwa tauni ilikuwa imevuruga uchumi na kuzalisha wasio na kazi. Umaskini ulionekana kuwa na nguvu kuliko hofu, na malipo yalilingana na hatari. Hao ndio waliozika maiti katika mashimo ya pamoja majeneza yalipokwisha, na ndio waliokuwa karibu zaidi na kifo kuliko karani yeyote. Hawana jina hata moja. Je, kazi yao haikuwa kujitolea kwa sababu ililipwa? Rieux naye analipwa, na yeye amekwisha kusema kwamba uadilifu ni kufanya kazi yako. Kwa ufafanuzi wake mwenyewe, wachimba makaburi wa Oran ni waadilifu sawa na daktari, na riwaya iliyokataa majagina ilikuwa na nafasi ya kulisema hilo. Badala yake inawapa aya ya uchumi.

Wala haiwezekani kudai kwamba mtunzi hakujua jinsi ya kuwahesabu. Juni 1939, akiwa mwandishi wa gazeti la Alger républicain, Camus alizunguka vijiji vya Kabylie na kuchapisha mfululizo wa makala kuhusu njaa ya huko, makala yaliyosheheni tarakimu: mgao wa nafaka, ujira wa siku, watoto wasio na shule. Swali la Rambert lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa na Camus mwenyewe, miaka minane kabla ya riwaya kutoka. Ndani ya riwaya, anayeliuliza anapewa panya.