Mkono Usio na Jina

Huko Chwaka, karibu na Tumbe, wilayani Micheweni, yapo makaburi ya Wamazrui, waliopata kuitawala Pemba. Historia ya ukoo huo iliandikwa na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), naye ni wa ukoo huo huo. Msomaji huliona jina, akajua apime vipi.

Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001, iliwaruhusu watu kuhariri bila kujitaja. Lakini kila badiliko huwekwa kumbukumbu pamoja na maneno yaliyofutwa, jambo ambalo mnakili wa hati za kale hakulazimika kulifanya. Kwa kumbukumbu hizo, mwaka 2007 Virgil Griffith alizilinganisha anwani za kompyuta na wenyewe. Ikabainika kwamba kompyuta za Diebold, watengenezaji wa mashine za kupigia kura, zilitumika kufuta lawama juu ya mashine hizo. Hata hivyo, anwani huonyesha kompyuta, haimtaji mwandishi.

Basi kosa si kuandika habari za jamaa au za kazi yako; kosa ni kuuficha mkono. Mmazrui aweza kuandika vyema juu ya Chwaka, maadamu jina lake limo. Asiyejitaja humnyima msomaji mizani.